Risper wa Viti na Chama cha Ungo

Ukitaka kumjua mwanasiasa usimsikilize, mpe kiti. Hiyo ndiyo elimu aliyokuwa nayo Risper Akoth wa Ndhiwa, na aliichuma kwa miaka kumi na tisa ya kukodisha mahema na viti vya plastiki kwa matanga, harusi na mikutano ya siasa. Alimjua anayepanguza kiti kwa leso kabla ya kukaa, kana kwamba Risper hakukiosha. Alimjua pia anayejitupa na kuegemea nyuma mpaka miguu miwili ya mbele inaelea hewani. Kwa huyo wa pili alikuwa na dawa. Kati ya viti vyake mia tatu kulikuwa na kimoja cha buluu chenye ufa kwenye mguu wa nyuma. Ukikaa kwa adabu kilikuvumilia. Ukijiachia, kilikulaza chali mbele ya wapiga kura. Risper alikipeleka meza kuu kila alipoona haja, na mheshimiwa alipookotwa kutoka vumbini, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia pole. Siri ya kiti hicho ilijulikana na watu wawili tu, yeye na jirani yake Milka.

Meza kuu yenyewe hakuwahi kuikalia. Aliitandika, akapanga maua ya plastiki na chupa za maji, kisha akaenda kusimama kando ya nguzo ya hema. Mara mbili alikuwa ameomba tiketi ya kuwania uwakilishi wa wadi kwa chama kikubwa, kile ambacho watu wa kaunti yake ya Homa Bay hukiita chama tu, kana kwamba vile vingine ni vikundi vya kwaya. Mara ya kwanza jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura. Mara ya pili lilikuwapo, lakini mshindi alitangazwa redioni Risper mwenyewe angali kwenye foleni. Na Ndhiwa ukikosa tiketi ya chama umekosa kila kitu, kwa sababu uchaguzi wa Agosti huwa ni kugonga muhuri tu. Basi alichokitaka Risper hakikuwa siri. Alitaka siku moja jina lake liitwe kwenye kipaza sauti, apite mbele za watu, akae meza kuu kwenye kiti chake mwenyewe.

Jumatatu moja, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, akaja Celestine Boke. Alikuwa msichana wa Isebania, binti wa mama mmoja anayebadilisha pesa mpakani, na alikuwa ametumwa na chama kipya cha Nairobi kiitwacho Ungo. Alama yao ilikuwa ungo ule ule wa kupepetea mtama, na salamu yao ilikuwa kunyoosha mikono miwili mbele na kuitikisa huku ukisema, "Pepeta!" Maana yake ilieleweka hata na mtoto: wananchi ni nafaka, wakubwa ni makapi, na upepo umeshaanza kuvuma.

"Mama, hiki chama hakina mwenyewe," Celestine alisema. Alikuwa amekaa kwa adabu, jambo ambalo Risper aliliweka moyoni. "Mwenyewe ni wewe. Wale wakubwa wamekula tangu uhuru, na wewe kazi yako ni kuwapangia viti."

Neno hilo la mwisho lilimwingia. Risper alikuwa amesikia siasa nyingi maishani, lakini hii ilikuwa ya kwanza kutaja viti.

Shida ya Ungo ilikuwa karatasi. Sheria haikubali chama kiwe chama kwa kelele peke yake. Kinatakiwa kiwe na wanachama elfu moja katika kaunti, na kaunti zenyewe ziwe zaidi ya nusu ya nchi, na huko kiwe na ofisi yenye kibao na mahali pa kukaa. Kaunti ya Migori, kwao, Celestine alikuwa ameshamaliza. Pale Isebania watu walijaa upesi, ingawa ilibidi awafute thelathini waliovuka kutoka Sirare, upande wa Tanzania, kwa ajili ya fulana. Homa Bay ndiyo iliyomkaa kooni. Hakuna mwenye nyumba aliyetaka ukuta wake ubandikwe kibao cha chama kisichokuwa chama.

"Mimi nitakubali," Risper alisema. "Lakini tiketi ya hii wadi ni yangu."

"Ni yako, mama. Kwani iko mwingine?"

Wakapeana mikono, wakapepeta. Kufikia jioni stoo ya viti ilikuwa na kibao, na Risper alikuwa mwenyekiti wa kaunti, cheo ambacho majirani walisema hakuna Mkenya aliyekistahili kuliko yeye, kwa hesabu ya viti peke yake.

Kupepeta, watu walipepeta. Wauza omena, dagaa wa ziwani, walitikisa mikono sokoni, vijana wa bodaboda wakatunga wimbo, na fulana za rangi ya udongo zikaisha kwa siku mbili. Lakini kila Risper alipofungua fomu na kuuliza namba ya kitambulisho, mtu alikumbuka kwamba ameacha maziwa jikoni. "Nitapepeta na wewe mpaka miguu iniume," Boaz, fundi wa baiskeli, alimwambia. "Lakini jina langu usiandike. Baba yangu alizikwa na bendera ya chama." Baada ya mwezi mzima walikuwa na majina mia moja themanini na saba, na kumi kati ya hayo yalikuwa ya jamaa za Risper. Orodha ilitakiwa Nairobi Ijumaa.

Sasa, Risper alikuwa na kazi nyingine, isiyo na mshahara. Alikuwa katibu wa Riwruok, kikundi cha kufa na kuzikana cha vijiji vinne, na yeye ndiye aliyetunza kitabu chake kinene cheusi, chenye jina la kila mwanachama, namba ya kitambulisho, namba ya simu na sahihi. Mwanachama akifa na kuzikwa, katibu alichukua kalamu nyekundu na kupiga mstari juu ya jina lake, polepole, mbele ya mkutano, watu wote wakiwa wamesimama. Kwa ajili hiyo hakuna mtu wa vijiji vile aliyeipenda kalamu nyekundu. Hata walimu walisahihisha madaftari kwa wino wa kijani, maana wazazi walikuwa wamelalamika.

Jumatano alasiri Risper alikitazama kitabu, kitabu nacho kikamtazama. Mle ndani mlikuwa na watu mia nane na zaidi. Nisimtetee: alijua kabisa kwamba si haki. Lakini alijiambia kwamba hawa ni watu wake, na kwamba mtu aliyekubali mzikane hawezi kukataa mpepete pamoja. Akamkabidhi Celestine kitabu, kisha akaenda kuchemsha chai ili asione. Celestine alipiga picha kila ukurasa kwa simu. Mistari myekundu aliiona, lakini kwao hakukuwa na desturi hiyo, akadhani ni mapambo ya katibu.

Ijumaa orodha ilifika Nairobi. Afisa wa kusajili vyama akaja kuikagua ofisi, akakiona kibao, akapewa kiti kizima, akaandika alichoandika. Ungo kikawa chama.

Wiki mbili baadaye simu zikaanza kulia kijiji hadi kijiji. Ujumbe ulikuwa mmoja: hongera, wewe sasa ni mwanachama wa maisha wa Ungo, pepeta. Milka alikuja mbio na simu mbili mkononi. Yeye na Risper waliolewa ukoo mmoja, kwa hiyo waliitana nyieka, mke mwenza, kwa utani wa miaka ishirini. Simu moja ilikuwa yake. Nyingine ilikuwa ya marehemu mumewe, ambayo aliitia chaji kila siku kwa sababu mkono ulikataa kuizima.

"Nyieka, ona," alisema. "Zablon ameingia siasa."

Risper alisoma. Zablon alizikwa miaka mitatu iliyopita, na waombolezaji walikalia viti vyake.

"Hizo ni kompyuta za Nairobi," alisema.

"Mwanachama wa maisha," Milka akasoma tena. Hakucheka. "Namba ya kitambulisho yake walitoa wapi?"

"Sijui, nyieka."

Ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kumwambia Milka, na ulimkwama kama mwiba wa samaki. Alimsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo kwa kawaida hakuwa akilifanya, na Milka aligeuka mara mbili kumtazama.

Baada ya Milka akaja Gordon Okeyo. Gordon alikuwa mwenyekiti wa chama kikubwa pale wadi, mtu wa kofia na pikapu yenye spika mbili, na alikuwa ameshaanguka na kile kiti cha buluu mara moja bila kujifunza lolote. Yeye pia alikuwa mwanachama wa Riwruok, kwa hiyo yeye pia alikuwa amepewa hongera.

"Mama Jacktone, nitoe huko haraka," alisema, akimwita Risper kwa jina la mwanawe. "Mimi naomba tiketi ya chama. Watu wataniona aje?"

"Andika barua ya kujitoa. Sheria inasema hivyo."

"Barua? Nikiandika ni kama nimekubali nilikuwa ndani." Gordon alirekebisha kofia. "Siwezi kujitoa mahali sijawahi kuingia."

Maneno hayo yalimpendeza mwenyewe. Akayarudia sokoni, akayarudia kwenye harambee, akayapeleka mpaka kwenye redio ya mtaa. Kufikia mwisho wa wiki watoto walioambiwa watoke jikoni walikuwa wanawajibu mama zao kwamba hawawezi kujitoa mahali hawajawahi kuingia. Barua haikuandikwa.

Aprili chama kikubwa kikafanya uteuzi, na Gordon akaangushwa na mkwe wa mkubwa mmoja wa Homa Bay. Alilia redioni kwamba ameibiwa. Kesho yake asubuhi pikapu ilisimama mbele ya stoo ya viti, spika zote mbili zikipiga kelele "Pepeta!", na Gordon akashuka amevaa fulana ya rangi ya udongo iliyomfika kitovuni.

Celestine alikuwa ameshafika kutoka Nairobi, na hakuweza kumtazama Risper usoni.

"Mama, yeye ni mwanachama kitambo. Ako kwa orodha, namba mia nne kumi na mbili, kabla tarehe ya mwisho. Kiongozi wa chama huko Nairobi anasema ako na gari, ako na spika, ako na watu. Tukikosa viti kwa bunge la kaunti, chama kitakufa."

"Si mlisema wakubwa ni makapi?"

"Kiongozi anasema hata makapi iko na uzito kwa mizani."

"Na tiketi yangu?"

"Wakati ujao, mama. Utakuwa namba moja."

Risper aliingia stoo akakaa sakafuni, katikati ya viti mia tatu. Aliumia, na aliumia zaidi kwa kujua aliyemuumiza. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nani alimwingiza Gordon kwenye orodha ile? Neno moja tu lingemtoa: aseme jina lile lilitoka wapi. Lakini neno hilo lisingetoka peke yake. Lingetoka likimshika mkono Zablon, na nyuma ya Zablon angesimama Milka. Akinyamaza, anapoteza tiketi. Akisema, anapoteza kitabu, na jina, na nyieka wake. Siku mbili nzima alikuwa akiosha viti vilivyokuwa safi.

Jumapili ukafanyika mkutano wa kumtambulisha Gordon, uwanja wa soko la Ndhiwa. Risper alipanga viti kama kawaida. Kile cha buluu alikibeba mpaka meza kuu, akakiweka pale Gordon angekaa, akakitazama, kisha akakiondoa. Leo hakutaka kiti kimsemee.

Celestine alipomwita mwenyekiti wa kaunti asalimie wananchi, Risper alitoka kwenye nguzo ya hema akiwa na orodha ya chama mkono mmoja na kitabu cheusi cha Riwruok mkono wa pili. Walipokiona kitabu, watu waliacha kupepeta.

"Mliniuliza namba zenu zilitoka wapi, nikawaambia ni kompyuta," alisema. "Si kompyuta. Ni mimi. Nilitoa kitabu cha kuzikana nikakipeleka siasa. Kila jina nililoingiza bila ruhusa linatoka leo." Akafunua orodha. "Naanza na Zablon. Nyieka, nilikudanganya."

Milka alisimama katikati ya umati. 

"Zablon hakupenda hata kamati ya maji," alisema. "Mtoe."

Risper akachomoa kalamu iliyokuwa ndani ya kitabu, akapiga mstari. Kisha akasoma jina la pili, Boaz fundi wa baiskeli.

"Nitoe," Boaz alisema, halafu akaona. "Na hiyo kalamu nyekundu? Aa, mama. Kwanza ngoja. Niache tu huko."

Wa tatu naye akasema aachwe. Wa nne akauliza kama hakuna kalamu ya buluu. Ikatafutwa. Wauza mboga walipekua vikapu, vijana wa bodaboda walijipapasa mifuko, na katika uwanja ule mzima ikaonekana moja tu, ya kung'aa, kwenye mfuko wa koti alilobeba Gordon begani, naye akaufunga mfuko kifungo. Basi kwa muda wa dakika kumi hivi chama cha Ungo kilikuwa na wanachama imara mia nane, waliobaki kwa kuogopa wino. Gordon akanyakua kipaza sauti.

"Mnaona? Watu wenyewe wamekataa kutoka!"

 Risper aliilaza orodha mezani, akarudi ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, palipoandikwa Risper Akoth. Akaweka kalamu nyekundu juu ya jina lake na kulipiga mstari, polepole, kama alivyokuwa akiwafanyia wafu wote wa vijiji vinne. Na watu wakasimama. Hawakukusudia. Miili yao ilikuwa imezoea.

 Alifunua kitabu cheusi, akapiga mstari wa pili juu ya jina lake huko pia.

"Huyo katibu wenu nimemzika," alisema. "Kitabu tafutieni mtu mwaminifu." Akashuka, akakiweka mikononi mwa Milka.

Watu walisubiri aanguke. Walimtazama kifua, kama kinapanda na kushuka. Mbuzi mmoja akalia nyuma ya duka la mahindi. Risper alikuwa bado amesimama, anafuta machozi kwa kanga.

"Kama yeye anapumua," Boaz alisema hatimaye, "nipigeni na mimi." Na nyuma yake foleni ikaanza, ndefu, yenye utani na kusukumana, kila mtu akitaka kujaribu kufa kidogo.

Walipofika namba mia nne kumi na mbili, jina likasomwa kwa sauti.

"Mimi nabaki!" Gordon alisema. "Nilijiandikisha mwenyewe!"

Soko zima likamjibu, watoto wakiongoza: "Siwezi kujitoa mahali sijawahi kuingia!" Wakarudia mara tatu, na mara ya tatu walikuwa wameshaipatia wimbo. Celestine ndiye aliyechukua kalamu. "Hii moja ni yangu, mama," alisema, akampiga Gordon mstari ulionyooka vizuri.

Tarehe ya kuandikisha wengine ilikuwa imepita, kwa hiyo Agosti ile Ungo hakikuwa na mgombea pale wadi. Mabango ya Gordon yalibaki ukutani mpaka mvua ikayabandua. Riwruok walimtoza Risper faini: viti na mahema bure kwa kila mazishi mwaka mzima, na kitabu asikiguse. Hiyo aliiona haki. Kilichomchoma ni Milka, katibu mpya, ambaye kwa miezi mingi alimsalimia kwa kidevu tu. Tiketi Risper aliisahau ndani ya wiki mbili. Kile kidevu hakukizoea kamwe.

Na Ungo? Kule Nairobi kiongozi alipata viti alivyopata, akakaa na wakubwa, akapunguza kelele. Lakini Ndhiwa walibaki wale mia moja themanini na ushei walioandika majina yao kwa mikono yao. Hawakuwa na fulana mpya wala spika. Kila Alhamisi walikutana kwenye stoo ya viti, wakagombana kuhusu vyoo vya soko na ushuru wa wauza omena, na mara mojamoja mtu mpya alikuja na kitambulisho chake mwenyewe. Boaz alikuwa wa kwanza. Alikuja na kalamu yake ya buluu.

Desemba Riwruok wakafanya mkutano wa mwaka. Risper alipanga viti vya bure, akatandika meza kuu, akaenda kwenye nguzo yake. Milka akachukua kipaza sauti, kitabu cheusi kwapani.

"Kabla hatujaanza," alisema, "meza kuu imebaki nafasi moja. Namwita nyieka wangu, Risper Akoth. Yule tuliyemzika Aprili."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Risper alipita mbele zao. Kulikuwa na kiti kimoja kitupu, na kilikuwa cha buluu.

Akamtazama Milka. Milka alikuwa anatazama paa la hema, midomo ameikaza asicheke.

Risper akakaa. Alikaa mgongo wima, miguu yote miwili chini, mikono magotini, kwa adabu kamili. Kiti kikalia kidogo, kikamvumilia.